American Beauty (1999): usimwangalie Lester peke yake, mwangalie na mkewe

Nimeirudia hii muvi juzi na bado naiona kali sana. Jamaa anaitwa Lester Burnham, kaigiza Kevin Spacey, ana miaka 42, kazi ya ofisini imemchosha, mkewe hana habari naye, binti yake ndo kabisaa hataki hata kumsikia, na mwanzoni tu anatuambia kwa sauti yake kwamba mwaka hautaisha atakuwa amekufa. Kwahiyo unajua anakufa halafu bado unacheka.

Na vituko vipo. Kazini wakitaka kumpunguza anamtisha bosi mpaka anaondoka na mshahara wa mwaka mzima, anaenda kuomba kazi kwenye duka la baga, ananunua gari aina ya Pontiac Firebird ya 1970 aliyokuwa anaiota, mara ananyanyua vyuma gereji. Watu wengi wanaishia hapo wanasema jamaa kajikomboa, mkewe Carolyn ndo tatizo. Mimi sikubali hata kidogo!

Angalieni ile sehemu ya kochi. Nyumba iko kimya, wapo wawili tu, Lester anamsogelea mkewe anamkumbusha walivyokuwa zamani, Carolyn anaanza kulainika kabisa, wanakaribia kubusiana, ghafla jicho lake linatua kwenye chupa ya bia mkononi mwa mume, anamwambia utamwaga bia kwenye kochi. Basi, imeisha hapo hapo, wanaanza kugombana kuhusu kochi la dola 4,000 la hariri ya Italia. Unacheka kwanza, halafu roho inakuuma maana walibakiza kidogo tu wapatane.

Na Annette Bening aliyeigiza Carolyn jamani, huyu mama kaua kwa kuigiza. Ni dalali wa nyumba, kuna siku anaisugua nyumba anayotaka kuiuza huku anajiambia leo lazima niiuze, wateja wanapita mmoja mmoja hakuna anayeipenda, jioni anafunga mapazia analia peke yake na kujizaba vibao ili anyamaze. Naye umri umemfikia, naye anaogopa, ila hakuna anayemwita mwenye mgogoro wa maisha. Muvi ilibeba Oscar 5 ikiwemo filamu bora, Spacey akapata, Bening akatoka mikono mitupu, mpaka leo sioni haki hapo.

Kinachonikera ni Lester kumtamani rafiki wa binti yake, mtoto wa shule. Zile ndoto zake za kumwona huyo binti kwenye maua ya waridi zimepambwa mno na zimerudiwa mno, na mpaka Lester aje amwone kuwa ni mtoto tu muvi inakaribia kuisha. Dairekta Sam Mendes alitoka kwenye teatri na hii ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza, lakini hapo angeweza kukata mapema.

Usiiweke watoto wakiwepo. Ila kama mna miaka mingi kwenye ndoa kaeni wote wawili muiangalie, na ikifika ile ya kochi msiongee kwanza.