Kichekesho chenye damu: kibandani au sebuleni?

Mauaji ya ghafla ndani ya kichekesho hayapokelewi sawa kila mahali. Chukua filamu ya Fargo (1996): mguu wa aliyeuawa, wenye soksi nyeupe, unasukumizwa kwenye mashine ya kusaga miti. Kwenye kibanda umiza, banda la kuonyesha filamu kwa kiingilio, pale Ngamiani, Tanga, mmoja akiangua kicheko, benchi zima linafuata, woga unayeyuka. Ila DJ anayetafsiri filamu kwa sauti yake akiufunika ule mngurumo unaosikika kabla mashine haijaonekana, mshtuko umekufa, na kichekesho nacho.

Sebuleni mngurumo unaupata wote, na unarudisha nyuma ukitaka. Lakini mama mkwe akiwepo, nani atathubutu kucheka?

Kwa gharama, kiingilio cha kibandani ni nafuu kuliko bando la intaneti. Una washkaji, nenda kibandani. Unawinda kejeli za maneno, baki nyumbani, watoto wakishalala.