Kutoa data Trello: kadi zinatoka fresh, historia ndo shughuli

Naandika hii kwa wale wanaoendesha miradi kwenye Trello (programu ya mtandaoni ya kupanga kazi, kila kazi ni kadi, kadi zinakaa kwenye listi, listi kwenye bodi) na siku moja wataambiwa na mfadhili au mkaguzi "tuleteeni rekodi zote za kazi, na nani alibadilisha nini lini". Sisi tumeambiwa hivyo juzi kati tukiwa tunafunga mradi, ofisi yetu ndogo tu hapa Dar, na kila kitu kilikuwa kwenye bodi moja ndefuuu ya Trello, kwahiyo hiki kitufe chao cha kueksipoti nimekaa nacho mpaka tumezoeana. Naongelea hicho tu, sio Trello nzima, maana kwa kupanga kazi Trello haina maneno, ipo tangu 2011 na kampuni ya Atlassian waliinunua 2017 kwa dola milioni 425, hela hiyo hautoi kwa kitu kibovu.

Kizuri kwanza. Kwenye menyu ya bodi kuna sehemu ya kuprinti na kueksipoti, pale unapata faili la JSON (maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya kompyuta kusoma) bure kabisa hata kama hujawahi kuwalipa hata mia. Njia ya mkato: chukua linki ya bodi, ongeza .json mwishoni, gonga enter, inamwagika yote kwenye brauza ilimradi umeingia kwenye akaunti yako. Humo kuna listi, kadi, maelezo, cheklisti, wanachama, tarehe, na hata kadi mlizozipeleka akaivu zimo, hili nimelipenda sana kwasababu nusu ya kazi zilizokwisha watu huwa wanazisukumia huko. Ila kadi iliyofutwa moja kwa moja hiyo sahau, hairudi, kwahiyo waambieni watu wenu waache kidole chepesi.

Sasa JSON kumpelekea mhasibu ni ugomvi, atakuuliza haya mabano ni ya nini. CSV (jedwali la kawaida linalofunguka kwenye Excel) ipo lakini ni ya wenye Premium, yaani mpango wao wa kulipia, dola 10 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, na hapa ndo watu wengi wanakosea hesabu, wanalipia wakidhani wamenunua historia. Hamna. CSV inakupa mstari mmoja kwa kila kadi jinsi ilivyo leo: jina, listi, leboo, tarehe ya mwisho, wahusika, idadi ya komenti. Idadi jamani, sio maneno ya komenti. Mtu kaomba statement ya M-Pesa ya mwaka mzima wewe unamwonyesha salio. Kama unataka tu orodha ya kazi kwenye Excel bila kumsumbua mtu wa IT basi sawa, inafaa, lakini JSON ileile ya bure unaweza kuifungua na Power Query, zana ya kuvuta data iliyomo ndani ya Excel, ukafika palepale, ni uvumilivu tu.

Historia yenyewe iko ndani ya JSON, sehemu inaitwa actions, na aisee imetengenezwa vizuri. Kila tukio lina aina yake, saa, na jina la aliyefanya. Kadi ikihamishwa unaona ilitoka listi gani ikaenda ipi. Tarehe ya mwisho ikisogezwa unaona iliyokuwepo mwanzo inakaa kwenye old na mpya pembeni yake, yaani lile swali la "hii dedilaini nani aliisogeza" linajibiwa kwa jina kamili, hakuna wa kuruka. Mkaguzi akiona hiki kitu anatulia mwenyewe.

Shida ni kwamba eksipoti inakupa matukio 1,000 ya mwisho tu. Elfu moja. Unaweza kudhani ni mengi mpaka ukumbuke kila tiki ya cheklisti ni tukio, kila komenti ni tukio, kumwongeza mtu kwenye kadi tukio, kubadilisha jina la kadi tukio, bodi yenye watu watano wanaochapa kazi inamaliza hiyo elfu bila hata kujiuliza. Wameandika kwenye kurasa zao za msaada, siwezi kusema wameficha, ila nani anasoma huko? Mtu anashusha faili, anaona historia inaanzia mwezi wa tisa, anadhani ndo mwanzo wa dunia.

Namna ya kupata yote ni kupitia API, yaani mlango ambao programu yako inaomba data moja kwa moja kwa Trello, nayo ni bure. Unatengeneza ufunguo na tokeni (kodi za kujitambulisha kwenye huo mlango), unaomba actions za bodi kwa mafungu ya 1,000, kila fungu unachukua id ya tukio la mwisho unaiweka kwenye before ya ombi linalofuata, unarudi nyuma hivyohivyo mpaka lije tupu. Kijana yeyote anayeijua Python kidogo anaimaliza hiyo kabla chai haijapoa, na kikomo chao cha maombi 100 kwa sekunde 10 kwa tokeni moja huwezi kukifikia kwa kazi ya namna hii. Kwangu API nyota tano, kitufe chenyewe kwa upande wa historia naipa mbili na nusu.

Kitu kingine angalieni saa. Matukio yote yameandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu, kwahiyo tukio linalosomeka tarehe 14 saa 21:40 huku kwetu tayari ni tarehe 15, saa sita na dakika arobaini usiku. Kama mkataba unasema mwisho tarehe 14, hayo masaa matatu ni kesi nzima. Badilisheni kabla hamjachapisha ripoti.

Viambatanisho vinakuja kama linki, mafaili yenyewe hayamo, na za bodi ya siri hazifunguki kwa mtu asiye na ruhusa. Zip ya kila kitu ipo, ya Premium tena.

Kwa wenzetu wa Jira (programu nyingine ya Atlassian ya kufuatilia kazi) msitucheke, CSV yenu nayo haina historia, lazima muiombe changelog, yaani orodha ya mabadiliko, kwa API. Afadhali Redmine, programu nyingine ya miradi, kwa mwenye seva yake, mabadiliko yote yamekaa kwenye jedwali la journals na journal_details, thamani ya zamani na mpya, unadampu databesi unaondoka. Na mnaowaza kuhama, Wekan, programu ya bodi inayofanana na Trello, inapokea JSON ya Trello, wakati Trello wenyewe hawana kitufe cha kuirudisha ndani faili walilokupa wao. Hapo sijawaelewa.

Bodi yenu kama bado inaendelea, shusheni JSON kila mwisho wa mwezi muiweke pembeni, elfu ya mwezi huu na ya mwezi ujao zikiunganishwa historia haikatiki na hamhitaji skripti ya mtu, ilimradi matukio ya mwezi mmoja hayavuki elfu, yakivuka shusheni mara nyingi zaidi. Alafu kabla hamjamtumia mfadhili pitieni komenti moja moja, zimo humo na majina yenu, mpaka zile za kumsema yeye.