Sidiria kwa mwenye kifua kikubwa: ya mtumba au mpya?

Kwa bei, mtumba wa soko la Darajani, Unguja, unashinda. Kwa saizi pia: humo ndimo nilimoipata 42F (namba ni ya mkanda wa mgongoni, herufi ni ya ukubwa wa kikombe), na maduka ya mpya niliyopita yaliishia kikombe cha D. Lakini shoga, uvute mkanda wa mgongoni kabla hujalipa. Huo ndio unaobeba uzito, si kamba za mabegani. Ukiwa umelegea, hata vikombe vikikukaa vizuri, mabega yatakuuma. Pitisha na kidole kwenye waya, usiwe umetoboa kitambaa.

Mpya hudumu zaidi. Unaanza na kulabu ya nje kabisa, mkanda ukilegea unasogea ndani.

Mwenye muda wa kuchambua aende mtumba. Anayeivaa kutwa kazini, na saizi yake ipo dukani, anunue mpya.