TAHADHARI: "Uanagenzi wa kulipwa" kwenye makumbusho ya sanaa Marekani. Msitume pesa!

Vijana wa Mombasa, hasa mnaosomea uchoraji, historia na utalii, na nyinyi wazazi mnaochanga nauli: kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, Kisauni hadi Likoni. Linaahidi uanagenzi wa miezi mitatu kwenye makumbusho ya sanaa Marekani, Juni hadi Agosti, majira ya joto ya huko ambayo kwetu ni kusi. Posho kila wiki, malazi bure, tiketi bure. Wakala yuko hapa hapa mjini na anataka "ada ya kushika nafasi" kwa M-Pesa, leo kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kinachowanasa watu ni kwamba nafasi za aina hiyo zipo kweli. Metropolitan Museum ya New York huwalipa wanagenzi wake, na Smithsonian ya Washington nayo ina nafasi zenye posho. Ukitafuta majina hayo mtandaoni unayakuta, roho inatulia. Lakini jumba kuwa la kweli hakumfanyi wakala kuwa wa kweli. Maombi huko unatuma mwenyewe kwenye tovuti ya jumba, bila ada: wasifu, barua ya maombi, alama za chuo na majina ya walimu wa kukushuhudia. Dirisha la maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya Juni, kwa hiyo tangazo la Mei la safari ya Juni halisimami. Tena nafasi nyingi ni za wenye ruhusa ya kufanya kazi Marekani tayari. Taasisi ya sanaa ya Getty ya Los Angeles ina programu iliyotengewa wanafunzi wanaoishi au kusoma ndani ya Los Angeles County. Basi huyu anayedai amepewa viti hamsini vya vijana wa Pwani, kavitoa wapi?

Sasa shikeni mpangilio wa karatasi, maana hapa ndipo tapeli anapojikwaa. Mwanagenzi kutoka nje huingia kwa viza ya J-1, yaani viza ya programu za kubadilishana wageni. Lazima uwe mwanafunzi wa chuo, au umehitimu si zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kwanza jumba linakuchagua. Kisha shirika mdhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani linatayarisha fomu DS-7002, inayoeleza kazi utakayofanya, msimamizi wako na malipo yako. Wewe, jumba na mdhamini mnaitia saini. Baada ya hapo mdhamini anakutolea DS-2019, fomu ya kuombea viza ya J-1. Juu ya fomu hiyo kuna namba ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa programu hizi) inayoanza na herufi N, ikifuatwa na tarakimu kumi.

Ada ya SEVIS, dola 220 kwa J-1, hulipwa kwa kutumia namba hiyo, kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Anayekudai "pesa ya SEVIS" na hajakupa DS-2019 anadai kitu ambacho hata yeye hawezi kukilipa. Ada ya viza ni dola 185, nayo hailipwi kwa till ya mtu. Mahojiano ni ubalozini, Gigiri, Nairobi. Chumba cha mikutano kilichokodiwa Nyali kwa siku moja si mahali pa kuhojiwa viza, hata wakiweka bendera mezani.

Jambo moja tuliseme wazi lisije likawachanganya: wadhamini wa kweli nao hutoza ada ya programu na bima, na wakati mwingine jumba ndilo hulipa. Tofauti ni kwamba mdhamini yuko kwenye orodha iliyo j1visa.state.gov. Chukua jina, litafute humo, kisha wasiliana nao kwa anwani uliyoipata wewe, si ile uliyopewa na wakala.

Matapeli pesa hawaziombi kwa mkupuo. Huanza na kidogo cha "usajili", halafu bima, halafu "cheti cha tabia njema cha haraka" (hicho unaomba mwenyewe eCitizen kwa shilingi 1,050), halafu tiketi "utakayorudishiwa". Kila ukilipa, unaona uchungu kuacha za nyuma zipotee, na hapo ndipo wanapokushikia. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalojitokeza. Likiwa la mtu binafsi au la duka, ghairi. Barua pepe nayo itazame baada ya alama ya @: metmuseum.org au si.edu, pasiwe na kistari wala neno la nyongeza. Ikiwa ni Gmail, usiiamini kabisa.

Kama umeshatuma, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi, kabla hazijatolewa, na uwapigie Safaricom uwaeleze kuwa ni utapeli. Namba ya tapeli iripoti 333. Piga picha za mazungumzo yote kabla hajakufuta kwenye kundi, nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio), au piga DCI, idara ya upelelezi, bila malipo 0800 722 203. Na kama ulimpa picha ya kitambulisho au pasipoti, bonyeza *106# uone kama kuna laini ya simu imesajiliwa kwa jina lako bila wewe kujua.