Tulivyoandikiwa mkataba wa ubia wa ofisi yetu ya usanifu wa ndani

Mimi nachora, mwenzangu ni seremala mwenye karakana Keko, Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu tumefanya kazi kwa kuaminiana tu: naleta mteja na michoro, yeye anatengeneza makabati ya jikoni, vitanda na meza za mapokezi, kinachobaki tunagawana. Mwaka jana saluni moja ya Sinza ikatutia hasara. Mteja alibadili mawazo bodi za MDF zikiwa zimeshakatwa, na kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya nani abebe mzigo huo, tulikaa wiki mbili hatusemeshani.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Nilipakua mfano wa mkataba mtandaoni, nikajaza majina yetu, nikaja kugundua unataja sheria za jimbo fulani la Marekani. Nikaachana nao. Rafiki akanielekeza kwa wakili mmoja, mwanamama, ofisi yake iko Kinondoni. Bei laki sita, nusu unatanguliza.

Kikao cha kwanza kilikuwa maswali matupu, saa mbili na nusu, na kwangu hapo ndipo hela yangu ilipofanya kazi. Mashine za karakana zikiharibika kwenye kazi ya pamoja, nani anatengeneza? Pesa aliyotoa mteja ya vigae na taa inakaa akaunti gani? Duka la mapazia likikupa asilimia 10 kwa kuwapelekea mteja, kamisheni hiyo ni yako au ya ofisi? Hapo nilikohoa. Nilikuwa naziweka mfukoni muda wote, na mwenzangu hakujua.

"Kumbe, dada?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka." Ningesema nini tena?

Mama wakili akatueleza kwamba huku Tanzania Bara mambo ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kwamba wabia wasipoandikiana kitu, wanahesabiwa kugawana faida sawasawa, na hasara vilevile. Mimi nilidhani kwa kuwa wateja wengi nawaleta mimi, fungu kubwa ni langu. Tena kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakuufanyi ubia kuwa kampuni: ofisi ikishindwa kulipa deni, mdai anaweza kufuata hata gari langu na kiwanja cha mwenzangu. Kaka alimwomba arudie hapo mara mbili.

Tukakubaliana nusu kwa nusu, baada ya kila mtu kulipwa ujira wake, mimi wa michoro na yeye wa ufundi. Viwango vimewekwa kwenye kiambatisho ambacho tutakipitia kila Januari. Kamisheni zote zinaingia ofisini. Mteja akitaka mabadiliko baada ya kusaini michoro, analipia kabla mbao hazijakatwa, na kati yetu atakayeruhusu kukata bila saini hiyo gharama ni yake. Kilichotugombanisha kuliko mashine ni ukurasa wa Instagram, maana picha ni za kazi za mikono yake ila aliyeuhangaikia usiku na mchana ni mimi. Mwisho tukaandika kwamba atakayebaki na jina la biashara anabaki na ukurasa, na atakayeondoka ana haki ya kutumia picha za kazi alizoshiriki.

Sasa malalamiko. Rasimu ya kwanza ilikuja kwa Kiingereza, wakati nilishasema tangu siku ya kwanza kwamba kwa mwenzangu Kiingereza hakipandi. Ya Kiswahili tukatozwa laki moja nyingine, na sentensi zake zilikuwa ndefu mpaka mimi mwenyewe nikapotea njiani, nikairudisha ikakatwekatwe. Tuliahidiwa siku kumi, tukapata baada ya wiki tano. Na kifungu cha mbia akifariki kilisema tu warithi watalipwa "thamani itakayokubaliwa". Ikubaliwe na nani? Mpaka tulipouliza ndipo akaongeza kwamba aitwe mthamini wa nje.

Kwa maswali nampa nyota tano, kwa kasi mbili. Ukienda kwake au kwa wakili mwingine yeyote, beba orodha ya vifaa na bei mlizonunulia, na habari za kamisheni mzimalize nyumbani kwanza, usije ukakohoa kama mimi.