Kipasha mafuta cha sahani 20 kwenye 1HZ: kinafaa, ila geji yake inadanganya

Kifurushi hiki cha kuendeshea gari la dizeli kwa mafuta ya kula kimefungwa kwenye Land Cruiser HZJ78, injini ya 1HZ, inayofanya njia ya Arusha–Moshi kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia. Ndani ya boksi kuna kipasha mafuta cha sahani 20 za chuma kisichoshika kutu, valvu mbili za umeme za njia tatu (volti 12), kitako cha filta ya pili, geji ya joto, swichi moja na mita chache za mpira. Tangi la pili, la mafuta ya kula, unajitafutia: gari huwashwa kwa dizeli, na mafuta yakishapata moto ndipo unageuza swichi. Langu ni la alumini, lita 60.

Kipasha chenyewe sina la kukilaumu. Mafuta ya alizeti kwenye nyuzi 40 yana unene wa kama sentistoksi 34, wakati dizeli ni 3 hivi. Yakifika nyuzi 75 hushuka hadi karibu 12; hayajawa dizeli, lakini nozeli inaweza kuyapuliza kama ukungu badala ya kuyatema matone. Maji ya moto ya injini, yanayopita ndani ya kipasha, yanatosha kabisa kwa kazi hiyo. Injini inayokunywa lita 10 kwa saa inahitaji kama wati 300 kuyatoa mafuta nyuzi 20 hadi 75, na hapo hujahesabu yanayorudi tangini. Kwa umeme hizo ni ampea 25 muda wote, na altaneta ya gari kuukuu haitakushukuru.

Tatizo ni geji. Sensa inakuja na kiunganishi cha kuichomeka kwenye mpira wa maji, na maji husoma 80 wakati mafuta yanayoingia kwenye pampu yapo nyuzi 45 tu. Ihamishie kwenye bomba la mafuta, sentimita chache kabla ya pampu. Asubuhi za Julai, kutoka Kijenge, mafuta hugusa 70 gari likikaribia Tengeru, nje ya mji kwenye njia ya Moshi. Kwa hiyo mtu wa mizunguko ya mjini Arusha, Njiro na Mnara wa Saa, atakuwa anachoma dizeli tu, na tangi la pili ni mzigo wa bure. Ukigeuza kutoka dizeli kwenda mafuta kabla ya 70, mafuta hayaungui yote: kaboni huota kwenye ncha za nozeli, ringi hugandia kwenye pistoni, na yaliyobaki huteremka kuchanganyika na oili.

Maelekezo yanasema filta itangulie, kipasha kifuate. Kwa alizeti safi sawa. Kwa mafuta ya jikoni, ambayo mengi yana mawese ndani yake, geuza: kipasha kwanza, filta baadaye. Mawese huganda kwa baridi ya Arusha na kuziba karatasi ya filta. Pampu inavuta, haipati, inaanza kunyonya upepo kwenye kila klipu iliyolegea, na fundi atahangaika kutoa upepo siku nzima akidhani pampu imekufa. Filta ikikaa baada ya kipasha unapoteza nyuzi tatu au nne, basi. Bomba kutoka tangini liwe la nusu inchi, lifungwe sambamba na mpira wa maji ya moto, yote mawili yaviringishwe sponji. Kama mawese ni mengi, pitisha maji ya moto ndani ya tangi pia, pale mafuta yanaponyonywa.

Maji nimeyachukua kwenye mipira ya hita ya ndani. Kipasha kisimame wima, maji yaingilie chini, mafuta yaingilie juu. Yakipishana hivyo joto huhama vizuri na upepo haukwami kwenye maji. Kagua na mfuniko wa rejeta: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 tu.

Swichi moja nayo ni kosa la aliyebuni. Inageuza valvu ya kuingia na ya kurudi kwa pamoja, kwa hiyo kila unaporudi kwenye dizeli, mafuta yaliyobaki kwenye pampu na filta yanatupwa kwenye tangi la dizeli. Baada ya wiki kadhaa dizeli yako ina mafuta na gari linawaka kwa shida, likitoa moshi mweupe. Weka swichi mbili: geuza ya kuingia kwanza, subiri kama dakika moja, ndipo ugeuze ya kurudi. Ukikaribia mwisho wa safari rudi kwenye dizeli mapema. Kwa gari la Moshi, mimi hugeuza kabla ya kuingia mjini. Kusimama dakika kumi kununua ndizi hakuna shida. Kulaza gari na mafuta kwenye pampu, kuna shida.

Mpira uliomo tupa. Ni mweusi wa kawaida, unavimba na kulainika kwa mafuta ya moto. Tumia wa Viton (mpira unaostahimili mafuta ya moto), au bomba la alumini. Shaba huharakisha mafuta kugeuka gundi, na bati la mabati hutengeneza sabuni inayoziba filta, kwa hiyo tangi la mabati usikubali hata kwa zawadi.

Kuhusu mafuta yenyewe: mabichi ya dukani hayalipi, lita ya alizeti ni ghali kuliko lita ya dizeli. Ya jikoni yaache yatulie kwenye dumu wiki mbili, chota ya juu, chuja hadi maikroni 5. Kisha mimina kijiko kwenye kikaango cha moto. Yakitatarika yana maji, yarudishe. Watu hupenda alizeti kwa sababu haigandi kwa baridi, lakini ikiingia kwenye oili ndiyo inayogeuka utelezi mzito kama jeli upesi kuliko mawese. Mawese ni msumbufu asubuhi, ila ni mpole kwa injini. Kwa vyovyote, mwaga oili kila kilomita 3,000, na kijiti kikionyesha oili inapanda badala ya kushuka, simamisha mafuta siku hiyo hiyo.

1HZ inavumilia kwa sababu ina vyumba vya awali vya kuwakia na pampu ya Denso. Prado yenye injini ya 1KD, ya reli ya shinikizo kubwa (common rail), usiiguse. Trekta za Massey Ferguson zenye pampu ya CAV vilevile: rota yake inalainishwa na mafuta yale yale yanayopita, na yakiwa mazito ya baridi hukata shafti.