Uzoefu wangu na Sweet Home 3D: kupanga bafu la nyongeza lenye madirisha mawili

Nimetumia Sweet Home 3D kupanga bafu moja la nyongeza, kuanzia mstari wa kwanza hadi karatasi aliyokabidhiwa fundi. Naipendekeza hasa kwa kazi hii: kuamua dirisha likae wapi kabla linta, ile boriti ya zege inayolala juu ya dirisha, haijamwagwa. Ni programu ya kuchora ramani ya nyumba na kuitazama kwa 3D, ya bure, ya msimbo huria, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na Emmanuel Puybaret. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Bafu lenyewe ni la kawaida: 300 kwa 240 sm ndani, baada ya lipu na marumaru. Upande mmoja mrefu ni ukuta wa nyumba ya zamani, na kuta nyingine tatu ni mpya. Chemba ya maji taka iko nje ya ukuta mfupi wa kushoto. Madirisha ni mawili: moja la 120 × 120 kwenye ukuta mrefu wa nje ili lifanane na mengine ya nyumba, na jingine dogo mahali ambapo hapakuwa pamepangwa bado.

Jambo la kwanza linalowakosesha wengi ni vipimo vya kuta. Unapochora ukuta kwenye programu hii, urefu unaoandika unahesabiwa katikati ya unene wa ukuta, si kwenye uso wa ndani. Nilitaka 300 × 240 ndani na kuta zilizokamilika zina unene wa sm 20, kwa hiyo ilibidi nichore 320 × 260. Ukichora 300 × 240 moja kwa moja utapata chumba cha 280 × 220, na sm 20 ndani ya bafu ni nyingi mno. Bofya mahali pa kuanzia, bonyeza Enter, andika urefu na unene, kisha endelea na ukuta unaofuata. Usiburute kipanya kwa kukadiria. Kama una ramani ya zamani ya nyumba, ipige picha na uilete kama picha ya usuli, chagua mstari mmoja unaoujua urefu, programu itapata kipimo chenyewe. Mstari huo uwe mrefu, ukuta mzima ikiwezekana, kwa sababu kosa dogo kwenye mstari mfupi huongezeka kadiri ramani inavyotanuka.

Fundi wa tofali naye anapima tofali hadi tofali. Lipu na marumaru pamoja na gundi yake hula karibu sm 3 kila upande, hivyo 300 × 240 iliyokamilika inahitaji 306 × 246 kabla ya lipu. Andika vipimo vyote viwili.

Sasa madirisha. Kila dirisha unaloliweka lina sehemu ya kuandika kimo chake kutoka sakafuni, na hapo ndipo programu hii iliponipa faida kubwa kuliko penseli na karatasi. Ramani ya kawaida inaonesha dirisha kama pengo ukutani. Haikuambii kama linaanzia magotini au kichwani. Bafuni kimo hicho ndicho kinachoamua nini kikae chini yake. Hesabu ni nyepesi: linta ikiwa sm 210 kutoka sakafuni, toa urefu wa dirisha upate kizingiti cha chini. Dirisha la 120 linaanzia 90, la 60 linaanzia 150, la 40 linaanzia 170. Usikubali kimo ambacho dirisha limekuja nacho kutoka kwenye katalogi. Andika chako.

Kizingiti cha 90 kinatosha juu ya sinki la kunawia, ambalo hukaa 80 hadi 85, lakini kioo cha kujitazamia kitakosa ukuta. Juu ya choo cha kukaa chenye tangi lake nyuma, kizingiti hichohicho kinabana: matangi mengi yanafika karibu 80, na siku valvu ikiharibika utahitaji nafasi ya kuinua mfuniko. Ndani ya shawa ndiyo shida kabisa, kwa kuwa maji yatapiga fremu kila siku.

Kuna mtego mwingine wa kimo ambao hakuna programu itakayokukumbusha. Sm 90 yangu ni kutoka kwenye marumaru. Fundi anapojenga, anapima kutoka kwenye zege tupu, na juu yake kuna saruji ya kusawazisha ya sm 5 hivi pamoja na marumaru na gundi. Asipoambiwa, dirisha litakuwa chini kwa sm 6 au 7. Kwenye shawa, kizingiti kilichopangwa 170 kinageuka 163.

Mpango wa kwanza niliouchora ulikuwa ule ambao karibu kila mtu angeuchora: shawa, choo na sinki kwa mstari mmoja kwenye ukuta mrefu wa nje, dirisha katikati. Kwenye ramani unapendeza. Nilipoingia kwa njia ya mgeni, ile inayokuwezesha kutembea ndani ya chumba ukiwa na urefu wa macho unaouweka mwenyewe, kasoro zikajitokeza moja baada ya nyingine. Dirisha lilianzia sm 90 kutoka kona, na kioo cha shawa ya 90 kilisimama palepale kwenye ukingo wa fremu, hakuna ukuta wa kukishikilia. Kioo cha sinki kiliangukia nusu kwenye dirisha. Mlango ukifunguliwa, kitu cha kwanza kuonekana ni choo.

Mlango wenyewe hauna uhuru mwingi, na hapa ndipo bafu la nyongeza linapotofautiana na bafu la nyumba mpya. Ukuta wa zamani ulikuwa na dirisha la upana wa 90, ambalo sasa lingetazama ndani ya bafu. Dirisha la namna hiyo ni bora ligeuzwe kuwa mlango: linta yake iko tayari, unakata ukuta chini ya kizingiti tu, na ubao wa mlango wa 80 na fremu yake unaingia. Kukata tundu jipya pembeni ni linta mpya katika ukuta unaobeba paa. Lakini kumbuka chumba kilichokuwa kinapata mwanga na hewa kwa dirisha hilo; kama hakina jingine, kitafutie kwanza.

Kwa hiyo mlango ulikaa katikati ya ukuta wa zamani, na vitu ndivyo vilivyohama. Mpango uliobaki ni huu. Shawa ya 90 × 110 iko kona ya kushoto, upande wa nje, ile 110 ikifuata ukuta mfupi. Choo kiko kwenye ukuta huohuo mfupi, katikati yake ikiwa sm 65 kutoka shawa na 65 kutoka ukuta wa zamani. Usishuke chini ya 38 kila upande, na mbele acha 60 au zaidi. Sinki la upana wa 80 na kina cha 50 liko kwenye ukuta mfupi wa kulia, likitazamana na shawa. Chini ya dirisha kubwa hapana kitu kirefu, hivyo mtu anakifikia kitasa chake bila kupanda juu ya chochote.

Dirisha kubwa nikalisogeza sm 15 kulia. Sm 15 hizo ndizo zinazokipa kioo cha shawa ukuta wa kufungia, zinawaacha mafundi wa marumaru wamalizie ukingo vizuri, na zinazuia matone yasifike kwenye fremu. Kwa nje tofauti haionekani, kwa kuwa linta zote bado ziko mstari mmoja. Jicho hukamata kimo kilichopishana kabla ya umbali uliopishana.

Mwanga nao ukakaa vizuri. Ukiiweka dira ya ramani ielekee kaskazini kwa usahihi na ukaandika mahali nyumba ilipo, unaweza kutengeneza picha ya ubora wa juu ya saa na tarehe unayotaka, jua likiingia kwa pembe yake halisi. Picha hizo huchukua muda, na kompyuta dhaifu itahangaika, ila mbili au tatu zinatosha: asubuhi, mchana, jioni. Dirisha likiwa ubavuni mwa mtu aliyesimama kwenye sinki, uso wake unapata mwanga upande mmoja na hakuna mwako kwenye kioo. Likiwa nyuma yake, kioo kinamrudishia mwako machoni. Likiwa mbele yake juu ya sinki, kioo kinakosa mahali pa kukaa.

Dirisha dogo nililiweka ndani ya shawa, kwenye ukuta mfupi: upana 60, urefu 40, kizingiti 170. Najua wengi hulikwepa dirisha la shawa. Mimi nalitetea, kwa sharti lijengwe ipasavyo, maana mvuke huanzia hapo na njia fupi ya kuutoa ni hapo. Fremu iwe ya aluminiamu au plastiki, mbao haitadumu. Kioo kiwe cha usalama na kisichopitisha taswira. Kizuizi cha maji kinachopakwa ukutani kiingie hadi kwenye kingo za dirisha, kisiishie kwenye uso wa ukuta. Marumaru ya kizingiti ipewe mteremko kuelekea ndani ya shawa, angalau sm 1 kwa kila sm 50, ili maji yarudi kwenye sakafu badala ya kutuama kwenye silikoni. Bawaba ziwe juu na lifunguke kwa nje. Bomba la kupanda kwenye shawa lipite ukuta mwingine, ule mrefu wa nje, kwa sababu ukuta mfupi wenye dirisha hilo dogo hauna nafasi ya kulificha.

Upande wa kufungukia mlango nao uliamuliwa na programu. Hapa niseme wazi: haikuzuii kuweka kitu juu ya kitu, wala haikuambii kwamba nafasi ni ndogo. Inakuonesha tao la mlango kwenye ramani, mengine unapima mwenyewe kwa mistari ya vipimo. Bawaba zikiwa upande wa choo, ubao unapita magotini mwa aliyekaa. Zikiwa upande wa sinki, unafunguka hadi kulala ukutani na kubakiza karibu sm 17 kutoka kona ya sinki. Kwa jicho tupu ningeapa kwamba utagonga.

Mabomba hayamo. Hiki ni chombo cha kupanga nafasi. Hakijui mteremko wala kipenyo. Nilichora njia za mabomba kwa mistari iliyovunjika, rangi tofauti kwa kila bomba, kisha hesabu nikafanya pembeni. Choo kinatoka moja kwa moja kupitia ukuta wa kushoto: bomba la milimita 110, mita 2 hadi chemba, mteremko wa 1 kwa 40, kwa hiyo linashuka sm 5. Shawa iko jirani, bomba la milimita 50. Gharama ya mpango huu iko kwenye sinki, lililo upande wa pili wa chumba. Kwa mita 3 na mteremko wa sm 2.5 kwa kila mita, bomba linashuka sm 7.5, na saruji ya kusawazisha ya sm 5 haiwezi kulificha. Lazima lilazwe kabla zege la sakafu halijamwagwa. Anayejenga juu ya zege lililokwisha kumwagwa asichukue mpango huu jinsi ulivyo. Arudishe sinki karibu na chemba na akubali kioo kidogo.

Mistari hiyo ilifichua jambo moja ambalo lingepita bila kuonekana. Bomba la kupumulia la choo linapanda nje ya ukuta wa kushoto, hatua chache kutoka dirisha la shawa. Kanuni za Uingereza zinataka bomba kama hilo liishie angalau sm 90 juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3, na ni kipimo kizuri hata pasipo na kanuni. Juu ya dirisha ni 210, basi bomba lifike 300 au zaidi. Kulipitisha juu ya paa ni salama zaidi.

Kuhusu kuchapisha: weka kipimo cha 1 kwa 20 kwenye mpangilio wa ukurasa. Chumba cha 300 × 240 kinakuwa sm 15 × 12 kwenye karatasi, kinaenea A4 na vipimo vyake, na fundi anaweza kuhakiki kwa rula palepale. Kwa kuwa ramani haioneshi vimo, fungua kila dirisha, uandike vimo hivyo kama jina lake, kisha uweke alama ya kufanya jina lionekane. Yangu yalisomeka hivi: «120×120, chini 90, juu 210, kutoka kwenye marumaru» na «60×40, chini 170, juu 210, kutoka kwenye marumaru».